Meroe au Aksum: muhula ni mmoja, uanze na ipi?

Kila mwanzo wa mwaka klabu yetu ya historia huchagua jamii moja ya Afrika ya kale na kukaa nayo muhula mzima. Vipindi ni kumi na viwili, kila Ijumaa baada ya masomo, basi. Misri huwa tunaiacha kwa sababu watoto wanakuja nayo kutoka nyumbani: Farao wamemsikia kanisani na madrasa, piramidi za Giza wameziona kwenye simu. Kwa hiyo kinyang'anyiro hubaki kati ya mbili: Meroe, mji mkuu wa ufalme wa Kushi katika nchi ambayo leo ni Sudan, na Aksum ya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Nimezifundisha zote mbili zaidi ya mara moja, na walimu wenzangu huniuliza waanze na ipi. Sitakujibu kwamba zote ni nzuri, chukua yoyote. Kila moja inafundisha jambo lake, na ukichagua bila kujua unatafuta nini, muhula utaisha watoto wamekariri majina ya wafalme tu.

Nianze na ardhi, maana ndiko tofauti iliko hasa.

Chora Mto Naili ubaoni. Ukihesabu kutoka Aswan kwenda juu ya mto, kuna maporomoko sita makubwa hadi karibu na Khartoum. Meroe iko kati ya la tano na la sita, ukingo wa mashariki, kama kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Khartoum. Hapo mimi husimama kidogo. Maji ya Mto Mara na Mto Kagera huingia Ziwa Victoria, hutokea Jinja, mengi hupotea njiani kwenye mabwawa ya Sudan Kusini, na yanayosalia hukutana na Naili ya Buluu pale Khartoum, kisha hupita mbele ya Meroe. Mtoto wa Musoma akisikia hivyo hakai tena kama mgeni kwenye somo.

Mashariki ya mto kuna nyika iitwayo Butana. Upande mmoja imezungukwa na Naili, upande mwingine na mto Atbara, kusini Naili ya Buluu, ndiyo maana watu wa kale waliiita Kisiwa cha Meroe ingawa si kisiwa. Tofauti yake na jangwa la kaskazini ni kwamba huku mvua hunyesha katikati ya mwaka, wakati wa majira ya joto ya kaskazini. Si nyingi, lakini inatosha kuotesha majani ya ng'ombe na mtama. Shida ni kwamba ikishapita, imepita. Watu wa Kushi wakachimba malambo. Lile kubwa la Musawwarat es-Sufra lina upana wa takriban mita 250 kutoka ukingo hadi ukingo, na udongo uliochimbwa umerundikwa kando kuwa tuta la duara. Pembeni mwa malambo walijenga mahekalu, na mungu wao mkuu wa huko, Apedemak, alikuwa na kichwa cha simba. Huyo hakutoka Misri, ni wa kwao. Ukitaka kuona jinsi mamlaka yanavyoota mahali penye maji, hakuna mfano safi kuliko huu: anayelinda lambo ndiye anayejua nani ananywesha mifugo lini, na mfalme akija kusali hapo anakutana na wafugaji wote bila kuwatafuta.

Sasa nenda Aksum, kama kilomita 600 kusini-mashariki kwa mstari ulionyooka. Hapa uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua kubwa ni ya Juni hadi Septemba, asubuhi kuna baridi, na udongo unalimika kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Walilima ngano, shayiri, ulezi, na tefu, ile nafaka ya punje ndogo kama mchanga ambayo hadi leo hupikiwa injera. Lakini kilichoikuza Aksum ni njia ya kushuka pwani. Mwandishi mmoja wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, anasema kutoka bandari ya Adulis hadi mji wa Koloe ni safari ya siku tatu, na kutoka Koloe hadi Aksum siku tano nyingine. Siku nane kwa jumla. Bara kulitoka pembe za ndovu na vipusa, baharini magamba ya ng'amba. Bandarini vilipanda nguo, vyombo vya kioo, shaba, divai na mafuta ya zeituni. Magofu ya Adulis leo yako Eritrea.

Kwa hiyo upande wa ardhi ninaipa Meroe alama zaidi. Aksum ni hadithi ya njia ya biashara, na watoto wetu wanaijua tayari hadithi ya namna hiyo kutoka Kilwa na Zanzibar. Meroe inawalazimisha kuuliza swali gumu: watu waliishije vizuri, kwa karne nyingi, mahali ambapo mvua hainyeshi miezi mingi ya mwaka?

Kuna chuma pia. Vilima vya jirani na Meroe vilikuwa na mawe yenye chuma, na migunga ya kuchoma mkaa haikuwa mbali. Marundo ya mavi ya chuma, yaani masalio ya mawe yaliyoyeyushwa kutoa chuma, yamesimama pale hadi leo kama vichuguu vikubwa. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekwenda likizo Kagera alirudi na kipande cha mavi ya chuma alichookota shambani kwa babu yake. Tulikipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa cheusi, kizito kuliko kilivyoonekana, upande mmoja kimejaa vitundu kama mkate na upande wa pili kimelainika kama kioo, na katikati kulikuwa na alama ya kipande cha mkaa, hata mistari ya ule mti inaonekana. Hapo darasa zima lilielewa kwamba mavi ya chuma si takataka, ni ushahidi kwamba hapa palikuwa na tanuri, mivukuto, na watu waliokata miti mingi.

Nichukue nafasi hii kusahihisha jambo linalofundishwa bado. Zamani wataalamu walidhani ujuzi wa chuma ulitoka Meroe ukasambaa Afrika nzima. Leo hilo haliungwi mkono. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, watu walikuwa wanayeyusha chuma takriban miaka 2000 iliyopita kwa namna yao wenyewe, na hakuna dalili kwamba fundi wa Meroe alifika kuwafundisha. Ukichagua Meroe, usiifanye mama wa kila kitu.

Upande wa ushahidi ulioandikwa mizani inageuka, na inageuka kwa nguvu.

Watu wa Meroe walibuni maandishi yao wenyewe yenye alama 23, ya aina mbili: moja ya michoro kwa ajili ya mahekalu na makaburi, nyingine ya mkato kwa matumizi ya kila siku. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith aligundua sauti za alama hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo tunaweza kuyasoma kwa sauti. Maana yake ndiyo hatuijui, isipokuwa majina, vyeo na maneno machache. Lugha yenyewe ilikufa na hakuna jiwe lililopatikana lenye maandishi marefu yaleyale kwa lugha nyingine inayojulikana. Watoto wengine hili linawavunja moyo. Wengine, na mara nyingi si wale wanaoongoza mtihani, ndiyo linawawasha macho: kumbe bado kuna kazi ya kufanya.

Aksum inasema yenyewe. Mfalme Ezana wa karne ya 4 aliacha jiwe lenye habari zake kwa Kigiriki, Kigeezi na kwa herufi za Kusini mwa Arabia. Kigeezi hakijafa: kinasomwa katika ibada za Kanisa la Othodoksi la Ethiopia na Eritrea, na herufi zake ndizo zinazoandika Kiamhari na Kitigrinya leo. Ukiwa na jirani kutoka Addis Ababa, mwombe akuandikie jina lako, utaona herufi ambazo mtoto wa Ezana angezitambua.

Halafu kuna sarafu. Kuanzia karne ya 3 BK, wakati wa mfalme Endubis, Aksum ilipiga sarafu zake za dhahabu na fedha, na baadaye za shaba. Za dhahabu ziliandikwa Kigiriki kwa sababu zilikwenda kwa wafanyabiashara wa nje. Zitazame kwa karibu, maana ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba na zimebeba mengi. Katikati yuko mfalme. Kushoto na kulia kwake yamepinda mashuke mawili ya nafaka. Fikiria: mtawala mwenye bandari, meli na dhahabu, akitaka kujionyesha kwa dunia anajiweka katikati ya mashuke. Juu ya sarafu za awali kuna mwezi mwandamo na duara. Ezana alipokuwa Mkristo, vikaondoka na msalaba ukaingia. Kuna sarafu za shaba za baadaye zilizoandikwa maneno ya kuomba kwamba jambo hili liipendeze nchi. Kwa mwalimu asiye na makumbusho karibu, picha tatu za sarafu hizi zinatosha vipindi viwili kamili.

Majengo nitayapita haraka kwa upande wa Meroe kwa sababu picha zake zinajieleza. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko za Misri, na kundi kubwa liko Meroe. Ni ndogo na zimesimama wima zaidi, chumba cha maiti kiko chini ya ardhi, na upande wa mashariki kuna kijihekalu cha sadaka. Nyingi zimekatika vichwa. Mwaka 1834 Mtaliano Giuseppe Ferlini alizivunja akitafuta dhahabu, akapata vito vya malkia Amanishakheto, na vito hivyo leo viko Berlin na Munich. Waonyeshe watoto mchoro wa kabla na picha ya sasa, waache wakasirike, ni haki yao.

Nguzo za Aksum zinahitaji muda. Ni jiwe moja moja, limechongwa lionekane kama jumba la ghorofa: chini mlango wa bandia wenye kitasa, juu yake madirisha safu kwa safu, na kati ya ghorofa vijiduara vilivyojitokeza nje ambavyo wenyeji huviita vichwa vya nyani. Hivyo vinaiga ncha za boriti zilizofunga kuta za mawe katika nyumba za kweli za Aksum. Kwa maneno mengine, hata kama nyumba zote zingepotea, nguzo zingetufundisha jinsi zilivyojengwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa na urefu wa mita 33 na uzito wa takriban tani 520, na imelala chini imevunjika vipande. Nyingine ya mita 24 ilichukuliwa na jeshi la Italia mwaka 1937 ikasimamishwa Roma. Ilirudi mwaka 2005 na kusimamishwa tena mahali pake mwaka 2008. Sisi tulipima mita 33 kwa kamba uwanjani, mtoto mmoja akasimama ncha hii na mwingine ile. Kisha nikawaambia jiwe hilo lilitoka kwenye machimbo kama kilomita nne kutoka hapo, wakaanza kubishana wenyewe jinsi ya kulivuta. Sikusema neno kwa nusu saa.

Na wageni je? Hapa kila mmoja ana kisa kinachobaki kichwani. Mwaka 25 KK jeshi la Kushi, chini ya Kandake ambaye wanahistoria wengi humtambua kuwa Amanirenas, lilivamia Aswan na kuangusha sanamu za Kaizari Augusto. Warumi wakajibu kwa kuubomoa mji wa Napata, lakini mwishowe mapatano yalifanyika kisiwani Samos na Augusto akafuta kodi aliyokuwa amedai. Mwaka 1910 wachimbaji wakapata Meroe kichwa cha shaba cha Augusto, macho yake ya kioo bado yanang'aa, kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu ili kila aingiaye amkanyage. Kandake ni cheo, si jina, na msomaji wa Biblia amekutana nacho: towashi wa Matendo 8 alikuwa mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi. Yule hakuwa mtu wa Addis Ababa. Alikuwa anarudi Meroe.

Kwa Aksum, mlango wa wasomaji wetu Waislamu uko wazi kabisa. Mwaka 615 wafuasi wa Mtume Muhammad waliokuwa wakiteswa Makka walivuka bahari kwenda Uhabeshi, na Najashi akakataa kuwatoa baada ya Jaafar bin Abi Talib kumsomea aya za Surat Maryam. Najashi huyo alikuwa mfalme wa dola ya Aksum. Darasa lenye Waislamu na Wakristo pamoja linapata hapa mfalme mmoja ambaye kila upande unamheshimu, na sijaona somo jingine la historia ya kale linalofanya hivyo kwa urahisi hivi.

Wengi hudhani Aksum ilikuja ikaiua Meroe, na vitabu vya maswali hupenda jibu hilo. Lisome polepole jiwe jingine la Ezana, si lile la kwanza. Anasema aliwafuata adui hadi ng'ambo ya mto Takaze, akachoma miji yao, ya matofali na ya nyasi, akachukua nafaka, nyama iliyokaushwa na shaba, akaharibu ghala za nafaka na pamba. Lakini adui anaowalalamikia kwanza ni Wanoba, watu wengine waliokuwa jirani na Kushi, na baadhi ya miji ya matofali tayari ilikuwa mikononi mwao. Maana yake, kufikia katikati ya karne ya 4 Meroe ilikuwa imeshalegea kabla jeshi la nyanda za juu halijashuka. Kwangu mimi habari ya zile ghala inavutia kuliko ushindi wenyewe: tunajua Kushi ilikuwa na pamba na nafaka za akiba kwa sababu mtu aliyeziharibu alijivunia kuziandika.

Basi uchague vipi?

Kama watoto wako ni wa kidato cha kwanza na vipindi vyako ni vitano au sita, chukua Aksum. Ina tarehe zinazoshikika, mfalme anayeongea, sarafu, na lugha ambayo bado ina watu. Hutakwama.

Kama shule yako iko pwani, Lamu, Pangani au Kilwa, chukua Aksum pia, kwa sababu nyingine. Ule mwongozo wa mabaharia uliotaja Adulis hauishii hapo. Unaendelea kusini hadi Azania, pwani yetu, na kufika Rhapta, soko lililopewa jina kutokana na mashua zake za kushonwa. Bidhaa ni zilezile: pembe za ndovu, vipusa, magamba ya ng'amba. Mtoto ambaye babu yake anakumbuka habari za mitepe ya kushonwa kwa kamba za makumbi ataona kwamba Adulis na pwani yake vilikuwa kwenye safari moja.

Kama uko bara, kwa wafugaji, wachimbaji au wakulima wa mtama, chukua Meroe. Shinyanga, Dodoma, Kajiado, Karamoja: kila unachohitaji kukieleza kiko nje ya dirisha, kuanzia lambo na ng'ombe hadi mkaa na mgunga.

Na kama hali yako haikubani upande wowote, una muhula mzima na wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda juu, ningekushauri Meroe bila kusita. Aksum itamfikia mtoto hata usipoifundisha. Padre ataitaja, sheikh ataitaja, mgahawa wa Kihabeshi utaitaja. Meroe hakuna atakayemletea. Tena Meroe inamfundisha kusoma ardhi pale maandishi yanaponyamaza, na sehemu kubwa ya historia ya Afrika ndivyo ilivyo: haikuandikwa, iko udongoni. Aliyezoea kuuliza lambo na mavi ya chuma atajua pa kuanzia akifika Engaruka au kwenye magofu yoyote ya nyumbani.

Safari ya kwenda kuona kwa macho usiipangie bajeti kwa sasa. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023, na Tigray ilipigwa vita vikali mwaka 2020 hadi 2022. Picha na ramani zitakutosha.

Ukichagua Meroe, Ijumaa ya kwanza usitaje Kandake wala piramidi. Wapeleke kwenye lambo lililo karibu, wapime upana wake kwa hatua na waulize wenye mifugo maji hukauka mwezi gani. Mkirudi, funga kamba kwenye kigingi katikati ya uwanja, mchore duara lenye upana wa mita 250 kama lile la Musawwarat. Sisi uwanja haukutosha. Kamba ilipita goli, ikapita uzio, na wale waliokuwa wameshika ncha yake wakajikuta wamesimama kwenye mahindi ya jirani.